Fahamu: Nyota inayosubiriwa kulipuka, na kwa nini Nachingwea inaweza kuiona bila darubini

Wanaastronomia wanasubiri mlipuko wa T Coronae Borealis, iliyolipuka mwaka 1866 na tena 1946. Kwa kawaida mwangaza wake ni wa daraja la 10, ilhali jicho huishia karibu daraja la 6. Ikilipuka hupanda hadi la 2 hivi, kwa siku chache tu. (Namba ikipungua, mwangaza umeongezeka, madaraja matano ni tofauti ya mara 100.) Mkazi wa Nachingwea au Ruangwa ana nafasi nzuri kuliko wa Dar es Salaam yenye taa nyingi: Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekwisha, kundi la nyota hiyo lenye umbo la nusu duara huonekana kaskazini jioni.

Wapo watakaosema bila darubini ni kazi bure. Sikubaliani nao, kwa sababu kugundua badiliko ni kulinganisha tu, na nyota jirani yake, Alphecca, ya daraja la 2.2, ni kipimo tosha. Pingamizi lenye uzito ni moshi wa mashamba yanayochomwa, unaofifisha nyota. Lakini nyota hizi mbili zimekaribiana, kwa hiyo moshi huzipunguza karibu sawasawa, na ulinganisho hauharibiki.