Samoni wa Mto Dee Hana Njaa

Wengi hudhani kuvua samoni ni kumlaghai samaki mwenye njaa. Sivyo. Samoni wa Atlantiki akishaingia mtoni kutoka baharini hali tena. Mto Dee wa Uskoti, unaochipuka juu ya milima ya Cairngorm, kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, na kuishia Aberdeen, hupokea baadhi yao mwezi Februari, ilhali mayai hayatagwi hadi Oktoba au Novemba. Miezi minane bila mlo! Tumbo husinyaa, na nguvu zote za kushindana na maji, za jike kukuza mayai na za dume kurefusha taya la chini mpaka likajikunja kama ndoana, hutoka kwenye mafuta aliyojiwekea huko Greenland na bahari za kaskazini. Trauti, jamaa yake wa mto huohuo, yeye hula kila apatapo. Ndiyo maana mvuvi wa trauti huiga mdudu anayeruka siku hiyo, na wa samoni hurusha manyoya ya rangi yasiyofanana na kiumbe chochote.

Basi kwa nini samoni anauma? Wengine husema ni mazoea ya utotoni ya kurukia kila kinachopita, wengine husema ni hasira ya kumfukuza mvamizi. Iwe hili au lile, hafidii chochote: nguvu ikishatumika, imetumika. Kwa hiyo adui wake mkubwa mtoni ni joto. Maji yakipata joto, mwili hudai oksijeni zaidi wakati maji yenyewe yanabeba pungufu, na akiba huyeyuka upesi. Kuanzia nyuzijoto 23 hivi samaki huwa taabani. Nao ukingo wa Dee ya juu, kwa sehemu kubwa, uko uchi, bila miti ya kuyatilia maji kivuli. Misitu ilikatwa zamani, na kila mche unaochomoza huliwa na kulungu, ambao wenye mashamba ya uwindaji wamewaachia wazidi kupita kiasi. Huo ni uzembe wa watu, wala si kudra.

Atakayesema wavuvi ndio wanaowamaliza samoni atazame takwimu. Mwaka 2023 Uskoti nzima ilivua kwa mshipi samoni 32,500 hivi, wachache kuliko mwaka wowote tangu kumbukumbu zianze 1952, na zaidi ya tisa katika kila kumi walirudishwa majini. Hata hivyo, kurudishwa huko hakukuwa kumezuia kupungua. Simtakasi mvuvi: samaki aliyevutana na mshipi ametumia akiba ileile, na siku ya joto anaweza kufa hata baada ya kuachiwa. Lakini ada za wenye haki za uvuvi ndizo zinazoendesha bodi inayosimamia mto, na miti ya asili imeanza kupandwa kando ya vijito, ndani ya uzio. Wapo pia wanaosema miti haina maana maadamu wengi hufia baharini. Kweli hufia huko, ila hakuna awezaye kuitilia Atlantiki kivuli. Samoni mchanga hukaa mtoni miaka miwili au mitatu kabla ya kuondoka, na hapo ndipo idadi ya watakaokwenda huamuliwa. Na humo mtoni ubaridi ndio kila kitu: mayai ya trauti kutoka Uskoti yalifikishwa Mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya, mwaka 1905, na trauti wangali humo, jirani na ikweta, kwa kuwa maji ni baridi.

Faida za samoni ni nyingi: nyama (ingawa ya madukani karibu yote ni ya kufugwa), ajira za waongozaji na hoteli, chakula cha fisimaji, na uhai wa kome wa lulu, ambao wachanga wao hujishikiza kwenye matamvua ya samoni na trauti wadogo.

Sheria ya Uskoti inakataza kuvua samoni siku ya Jumapili. Ingefaa ikataze pia siku ambazo maji yamepata joto.