Je, Wajua? Pohoiki, Ufuo Uliozaliwa na Moto Mwaka 2018

Je, wajua kuwa mgeni anayefika leo Pohoiki, upande wa mashariki wa kisiwa cha Hawaii, anakanyaga mchanga ambao haukuwepo kabla ya mwaka 2018? Hifadhi ndogo ya ufukweni iliyopo hapo, Isaac Hale Beach Park, ilijulikana kwa ghuba yenye mawe, mawimbi ya kutelezea kwa ubao, na mteremko wa saruji wa kushushia boti, ambao ndio pekee wa umma katika wilaya nzima ya Puna. Leo hapo pana ufuo mpana wa mchanga mweusi tititi, na nyuma yake mabwawa ya maji ya uvuguvugu.

Kisa kilianza tarehe 3 Mei 2018 katika mtaa wa makazi wa Leilani Estates, kwenye mteremko wa chini wa volkano ya Kilauea. Barabara zilipasuka, mvuke ukatoka, kisha ukafuata moto. Kesho yake ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 6.9, tetemeko kubwa kuliko yote kisiwani humo tangu 1975. Nyufa ziliendelea kufunguka, moja baada ya nyingine, hadi zikafika 24, na ule wa nane ndio uliotapika kuliko wenzake. Ukatoa mto wa lava uliokwenda kilomita kama 13 mpaka baharini. Mapema Juni mto huo uliingia Ghuba ya Kapoho ukaijaza yote kwa siku chache tu. Karibu na hapo palikuwa na ziwa dogo la maji baridi ndani ya kreta ya kale. Lava ilipolifikia lilichemka, likakauka kwa saa chache tu.

Nyumba zaidi ya 700 ziliteketea na kilomita za mraba 35 hivi za ardhi zikafunikwa. Lava yenyewe haikuua mtu, kwa sababu sehemu nyingi ilisogea taratibu kiasi cha mwenye nyumba kuwahi kuchukua watoto, hati zake na picha za ukutani. Lakini nyumba haina miguu, na shamba haliwezi kupakiwa garini. Wenyeji unaopishana nao ufukweni leo wengi wao ni ndugu, jirani au marafiki wa waliopoteza kila kitu, na mgeni anapaswa kulijua hilo kabla hajaanza kushangilia uzuri wa mahali.

Lava ilifika karibu kabisa na hifadhi. Mwezi Agosti ilisimama ikiwa imebakiza chini ya mita 100 kuufikia mteremko wa boti. Moto ukaacha, lakini bahari haikuacha: mikondo ilikuwa inasomba mchanga mpya kutoka ilikokuwa ikimwagikia lava na kuurundika Pohoiki, hadi ghuba ikaziba. Hifadhi ilipofunguliwa tena Desemba mwaka huohuo, mteremko ulikuwa umefungiwa nyuma ya ukuta wa mchanga na maji yaliyotuama. Wavuvi wa Puna wakalazimika kuvuta boti zao kwa gari hadi mji wa Hilo ili waingie baharini. Mtalii alipata ufuo mpya, mvuvi akapoteza bandari, na sehemu ni ileile.

Jina la hifadhi nalo lina habari yake. Isaac Kepoʻokalani Hale alikuwa kijana wa hapohapo Pohoiki aliyeuawa akiwa askari katika Vita vya Korea, mwaka 1951.

Je, wajua kuwa mchanga huo mweusi ni kioo? Lava ya Kilauea hutoka ardhini ikiwa na joto la nyuzi 1,150 hivi za Selsiasi. Inapotumbukia baharini hupoa ghafla mno, madini hayapati muda wa kujipanga kuwa fuwele, na badala yake hutokea kioo cheusi kinachopasuka vipande vidogo vidogo kwa mshtuko wa baridi na nguvu ya mvuke. Mwanzoni chembe hizo huwa na kingo kali za kukwaruza ngozi. Mawimbi huzisugua mpaka zilainike. Ndiyo maana ufuo wa mchanga mweusi unaweza kutokea kwa wiki chache, wakati mchanga mweupe wa pwani yetu hutengenezwa taratibu na matumbawe, makombe na matumbo ya samaki. Ndiyo, matumbo: pono, yuleyule tunayemsema kwa usingizi wake mzito, huguguna matumbawe mchana kutwa, akayasaga kooni na kuyatoa yakiwa mchanga. Hata fukwe nyeupe za Hawaii kwa sehemu kubwa ni kazi yake. Kusini kabisa mwa kisiwa, mahali paitwapo Papakōlea, mchanga ni wa kijani, kwa kuwa una madini ya olivini yaliyochambuliwa na mawimbi kutoka katika kilima cha majivu ya volkano.

Kinachozaliwa haraka hakidumu. Mchanga mweupe hupata nyongeza kila mwaka maadamu matumbawe yapo hai, lakini lava ikishaacha kumiminika baharini, ufuo mweusi hauna tena pa kupata mchanga. Mawimbi huanza kuula. Na wakati mwingine volkano yenyewe ndiyo huufuta, kama ilivyokuwa mwaka 1990 ilipoufukia ufuo mweusi wa Kaimū, uliokuwa mashuhuri kwa minazi yake, pamoja na kijiji cha Kalapana. Baadaye mchanga mpya ulijikusanya mbele ya lava iliyoganda, na wenyeji wakaenda kupanda minazi upya juu ya ardhi ile kavu isiyo na udongo. Kwangu mimi hilo ni tendo kubwa kuliko maajabu yote ya volkano.

Basi ardhi hiyo mpya ni ya nani? Mtu aliyekuwa na kiwanja mbele ya bahari anaamka asubuhi na kukuta bahari imesogezwa mbali, na kati yake na maji kuna ekari kadhaa za mwamba wa moto. Je, zimeongezeka kwenye hati yake? Swali hili lilifikishwa mahakamani kutokana na mlipuko wa 1955 huko huko Puna, na mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Hawaii ikaamua kuwa ardhi inayotokana na lava ni mali ya jimbo, kwa manufaa ya umma. Aliyefukiwa kiwanja chake hubaki na kiwanja kilichofukiwa. Kilichoongezeka baharini si chake. Uamuzi huo waweza kuonekana mkali kwa mtu aliyekwisha poteza nyumba, lakini naona ulikuwa wa haki. Bila huo, fukwe mpya za kisiwa zingekuwa zinazaliwa zikiwa na uzio.

Kabla mmea wowote haujachipua juu ya lava mpya, kuna mdudu anayewahi. Ni nyenje mdogo asiye na mabawa, ambaye hapatikani popote duniani ila kisiwa hicho. Huingia katika nyufa za lava miezi michache tu baada ya kupoa, akaishi kwa kula takataka zinazoletwa na upepo na povu la bahari. Ajabu ni kwamba mimea ikianza kustawi yeye hutoweka, akaenda kutafuta lava nyingine changa. Baada yake huja feni, halafu mti wa ʻōhiʻa lehua wenye maua mekundu, ambao mizizi yake hupenya ufa mwembamba kabisa wa mwamba.

Baharini nako palitokea jambo ambalo wanasayansi hawakulitarajia. Maji ya juu ya Pasifiki karibu na Hawaii yana virutubisho haba. Siku chache baada ya lava kuanza kumwagika mwaka 2018, picha za setilaiti zilionyesha maji yamegeuka kijani kwa wingi wa vijimea vidogo, na doa hilo likasambaa hadi kilomita 150 hivi kutoka pwani. Utafiti uliochapishwa 2019 ulieleza sababu: lava yenyewe haikuwa mbolea, bali joto lake liliyapasha maji ya kina kirefu yenye naitreti nyingi, nayo yakapanda juu. Wakati huohuo lava hiyohiyo ilikuwa imeyafukia mabwawa ya matumbawe ya Kapoho, ambako vizazi vya watoto walijifunza kuogelea.

Wanaokwenda fukwe nyeusi za kusini mwa kisiwa, kama Punaluʻu, huwakuta kasa wamelala mchangani wakiota jua. Kasa aina ya ng'amba, aliye adimu zaidi, hutaga katika pwani hiyo ya kusini. Jinsia ya kasa huamuliwa na joto la kiota: mchanga ukiwa na joto zaidi majike huwa wengi. Na mchanga mweusi hufyonza jua kuliko mweupe. Ukimwona kasa, kaa mbali naye mita tatu au zaidi, wala usimguse hata akionekana amezimia, anapumzika.

Sasa, kwa anayefikiria kwenda. Vaa viatu vya kufunga, si ndala. Lava ya Hawaii ni ya aina mbili kuu, nayo majina yake ya Kihawaii hutumiwa na wanajiolojia wa dunia nzima: pahoehoe ni laini, imejikunja kama nguo iliyoachwa kitini, nayo hupitika; ʻaʻā ni rundo la mawe makali, na ukianguka juu yake utachanika viganja na magoti. Usiingie majini kwa sababu tu umeona maji ya buluu. Pohoiki iko wazi kwa bahari kuu, mikondo yake huvuta, na pasipo wenyeji wanaoogelea nawe usiogelee. Mabwawa yale ya uvuguvugu hupashwa na joto la ardhini na huvutia sana, lakini maji yaliyotuama yenye joto hukuza bakteria, hivyo mwenye kidonda asijitie humo.

Lava inapokuwa inaingia baharini, hatari huwa za aina nyingine kabisa. Moshi mweupe unaopanda pale si mvuke mtupu, una asidi ya haidrokloriki na vumbi la kioo. Tarehe 16 Julai 2018 mlipuko wa pwani ulirusha mawe yaliyotoboa paa la boti ya watalii, watu 23 wakaumia. Na ardhi mpya hukaa juu ya kifusi kisichoshikana: tarehe 31 Desemba 2016, mahali paitwapo Kamokuna, zaidi ya ekari 20 za ardhi ya namna hiyo zilimeguka na kuzama baharini siku moja. Kamba za kuzuia watu hazifungwi pale kwa mapambo.

Mchanga usiuchukue, hata wa kujaza kichupa. Sheria ya Hawaii inakataza, na kwa wenyeji wengi ardhi hii ni ya Pele, mungu wa kike wa volkano. Mwaka 2018 watu waliweka majani ya mti wa ti kwenye nyufa za barabara kwa heshima yake. Kila mwaka vifurushi vya mawe na mchanga hurudishwa kwa posta na wageni waliojuta baada ya kufika makwao.

Sisi wasemaji wa Kiswahili si wageni wa habari hizi. Lava ya volkano ya Nyiragongo, nchini Kongo, ilipita katikati ya mji wa Goma tarehe 17 Januari 2002 mpaka Ziwa Kivu, na mwaka 1977 lava ya volkano hiyohiyo ilikimbia kwa kasi inayomshinda mtu. Mwaka huohuo wa 1977 lava ya volkano ya Karthala iliangamiza sehemu kubwa ya kijiji cha Singani, Ngazidja, visiwani Komoro. Tofauti ni kwamba Goma iko mbali na bahari, na Karthala hailipuki mara kwa mara kama Kilauea.

Nacho kisiwa cha Hawaii, kilicho kikubwa zaidi ya mara sita ya Unguja, bado hakijamaliza kukua. Kilomita 35 hivi kutoka pwani yake ya kusini mashariki kuna volkano nyingine hai, Kamaʻehuakanaloa, ambayo kilele chake kwa sasa kiko karibu mita 975 chini ya uso wa bahari.