KABLA YA KUMLETA MTOTO WA MBWA NYUMBANI

Mahindi yakianza kubeba shambani, nyani na nguruwe mwitu nao huanza kazi yao. Ndipo watu huulizana, "Nani ana mbwa aliyezaa?" Si ajabu. Mbwa hulinda shamba, mbuzi na kuku, na usiku hubweka mwizi akipita.

Huenda ukaniuliza, "Wewe mganga wa zahanati, habari za mbwa zinakuhusu nini? Hiyo si kazi ya bwana mifugo?" Ni kweli. Lakini mtoto wa mbwa akichukuliwa bila kuulizwa habari zake, anayeletwa kwangu huwa ni mtoto wako.

Nitakueleza jambo lililonipata. Nilikuwa sijamaliza hata mwaka mmoja tangu nipate cheti changu. Jioni moja mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka sita. Mtoto alikuwa na vitobo viwili vidogo kwenye kidole gumba. Alikuwa anacheza na mtoto wa mbwa, akang'atwa. Nilipanguza kidonda, nikapaka dawa ya zambarau, nikawaambia waende nyumbani. Niliona ni jambo dogo, maana mbwa mwenyewe alikuwa wa miezi miwili.

Nesi wetu, mama mtu mzima, alikuwa anafunga dirisha. Aliniuliza, "Mwanangu, umewauliza huyo mbwa katoka wapi?"

Sikuwa nimeuliza. Nilichukua baiskeli nikawafuata njiani.

Baba wa mtoto alinieleza kwa furaha kwamba mbwa yule alipewa bure katika kijiji cha jirani. Kwa nini bure? Kwa sababu mama wa mbwa alikuwa amekufa. Alikufaje? Alipotea siku mbili, akarudi na majeraha, akawa anang'ata kila kitu, hata watoto wake. Kisha akafa. Watoto wake watatu waligawiwa watu wa kijiji chetu.

Hicho kilikuwa kichaa cha mbwa. Watu wengi hudhani ugonjwa huu huwapata mbwa wakubwa tu. Sivyo. Mtoto wa mbwa huupata vilevile, na mate yake huambukiza vilevile.

Usiku ule tulikiosha kidole cha mtoto upya, kwa sabuni na maji ya kumiminwa kwa jagi. Asubuhi alipelekwa hospitali ya wilaya akaanza sindano. Mbwa alikufa siku ya nne. Mtoto yu hai, sasa anasoma darasa la tatu.

Nyumba ya pili mbwa alikuwa amekwisha kufa, na hakuna aliyeng'atwa. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mzee mmoja. Mbwa wake hakung'ata mtu. Alikuwa ameketi tu, taya limelegea, mate yanachuruzika, hawezi kumeza. Mzee alidhani amekwamwa na mfupa. Akamfungua kinywa na kuingiza vidole kuutafuta. Mikono yake ilikuwa na mipasuko, kama mikono ya mkulima yeyote. Nilimwambia, "Babu, twende hospitali." Akanijibu, "Mjukuu wangu, sikung'atwa mimi. Ngoja kwanza nivune maharagwe."

Sikurudi tena kumhimiza. Baada ya miezi miwili alianza kuwashwa mkono, kisha akashindwa kumeza maji. Alifariki. Dalili za kichaa cha mbwa zikishamwanza mtu, hatuna dawa ya kumponya.

ULIZA UKOO WAKE

Mwezi uliopita nami nilikwenda kwa bibi mmoja kuomba mtoto wa mbwa. Nilimwuliza maswali mengi hata akacheka. "Mganga, umekuja kuposa?" Nilimwambia ni kama kuposa. Nani huoa bila kuuliza ukoo?

Basi na wewe uliza. Mama yake yupo? Mwone kwa macho yako. Amechanjwa kichaa cha mbwa? Omba kadi. Je, mwezi huu au mwezi uliopita pana mbwa aliyekufa, aliyepotea au aliyegeuka tabia pale nyumbani? Ikiwa majibu hayaeleweki, mwache, hata kama unapewa bure. Mtoto wa mbwa uliyemwokota njiani au mnadani hana wa kumjibia maswali hayo.

Usimchukue akiwa mdogo mno. Angojewe afikishe majuma manane hivi, awe amekwisha acha kunyonya na anakula mwenyewe. Mtazame macho, yawe maangavu bila matongo. Fungua mdomo wake utazame ufizi. Ukiwa mweupe, damu imepungua, na mara nyingi wezi wa damu hiyo ni viroboto, kupe au minyoo. Tumbo likiwa limevimba kama ngoma na mbavu zinaonekana, hiyo ni minyoo, wala si shibe. Watoto wa mbwa huweza kupata minyoo tangu tumboni mwa mama yao na katika maziwa yake.

Wengine hupenda kuchagua aliye mkali kuliko wenzake. Mimi sikubaliani nao. Piga kofi taratibu, uone nani anakuja kutazama. Huyo anafaa. Anayeng'ata bila kuchokozwa, anayeyumba au anayetokwa mate mengi, usimguse kabisa. Mwite bwana mifugo.

TAYARISHA NYUMBA KWANZA

Kabla hajaja, mjengee kibanda kidogo mahali pasipovuja. Asilale na watoto kitandani. Mpe chombo chake mwenyewe cha chakula na kingine cha maji. Ugali na mchuzi wa dagaa humfaa. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, maana huvunjika kama sindano na kumchoma ndani. Ukimfunga kamba, ilegeze kila juma. Shingo inakua, kamba haikui. Nimewahi kuona kamba iliyozama ndani ya nyama.

Kinyesi chake kizikwe, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mayai ya minyoo yake yakiingia mdomoni mwa mtoto, huweza kumdhuru ini, hata macho. Mwombe bwana mifugo dawa ya minyoo siku za mwanzo, tena na tena mbwa akiwa bado mdogo.

Jambo jingine ni machinjioni. Ukichinja mbuzi au kondoo, ukakuta ini au mapafu yana uvimbe wenye maji, usimtupie mbwa. Choma moto au zika kwa kina. Ndani ya uvimbe ule mna mbegu za mnyoo mdogo sana. Mbwa akiula, mnyoo hukua tumboni mwake, na mayai yake humrudia binadamu. Mtu naye huota uvimbe wa namna hiyo ndani ya ini. Wafugaji wa Turkana, kaskazini ya Kenya, wameteswa na ugonjwa huo miaka mingi.

CHANJO

Mbwa akifika miezi mitatu, apate chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha irudiwe kama bwana mifugo atakavyoagiza. Watu wakija kuchanja kijijini kabla hajafikisha umri huo, usimwache nyumbani. Mbebe kwenye kikapu. Hata wadogo huchanjwa, kisha hurudiwa wakikua. Mtu mzima ndiye ampeleke, si watoto, kwa kuwa mbwa wengi wakikutana hugombana. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu kadhaa huchanja mbwa wakati huo. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Je, mtu aking'atwa, au akikwaruzwa, au mate yakiingia kwenye kidonda? Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima. Usiweke majivu, pilipili wala tumbaku. Kisha njoo zahanati siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo kama kile cha kidole gumba. Sindano zake siku hizi huchomwa begani, hazichomwi tumboni kama zamani. Zimejaribiwa siku nyingi. Mwaka 1885, huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, naye hakuugua. Lakini sindano za mtu zina gharama kubwa, na si kila zahanati inazo. Chanjo ya mbwa ni nafuu zaidi.

Mbwa wangu ana majuma kumi sasa. Viatu vyangu viwili amekwisha vitafuna. Kadi ya chanjo ya mama yake nimeiona, na yake nimeandaa kopo la kuiwekea. Atachanjwa majuma mawili yajayo, na yule mtoto wa darasa la tatu ameniomba aje kumbeba kikapu.