Herufi Moja Katika Jeni: Kosa au Tofauti?

Tulipokuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha katika skuli moja ya Wilaya ya Wete, mwanachuo wetu mmoja alilieleza darasa la sita kwamba selimundu ni maradhi yatokanayo na "kosa" katika jeni alizorithi mtoto kwa wazazi wake. Mtoto mmoja, ambaye nduguye anaugua maradhi hayo, aliuliza: "Mwalimu, aliyekosa ni baba au mama?" Mwanachuo hakuwa na jibu. Nasi tuliokaa nyuma ya darasa tulijua kwamba lawama ni yetu, kwani neno hilo alilitoa kwetu. Tulikuwa tumempa hukumu kabla ya kumfundisha kusoma.

Jeni ni maandishi ya herufi nne tu: A, C, G na T. Mashini isomayo jeni hutoa mfuatano wa herufi usio na nafasi wala nukta. Hapo ndipo mtaalamu huanza kazi ya kutia alama: ujumbe waanzia wapi, wakomea wapi, sehemu zipi hurukwa. Kisha hufasiri. Jeni ya hemoglobini-beta, iliyomo katika kromosomu ya 11, ina herufi zipatazo 1,600, lakini zinazopanga protini, pamoja na alama ya mwisho, ni 444 tu.

Mwalimu na aandike ubaoni mwanzo wa ujumbe huo:

ATGGTGCATCTGACTCCTGAGGAGAAG

Wanafunzi wakate mfuatano huu tatu tatu: ATG, GTG, CAT, CTG, ACT, CCT, GAG, GAG, AAG. ATG ni alama ya kuanzia, na kila tatu hutaja asidi amino moja. Akitokea mtoto akaanzia herufi ya pili, asikatazwe. Aendelee mpaka mwisho, aone mwenyewe kuwa amepata TGG, TGC, ATC, yaani ujumbe mwingine kabisa.

Baada ya hapo ziandikwe nakala mbili nyingine. Katika ya kwanza, CAT imekuwa CAC. Katika ya pili, GAG iliyotangulia imekuwa GTG. Kila moja imeachana na ile ya ubaoni kwa herufi moja tu. Je, ipi yadhuru? Kwa kutazama herufi peke yake haiwezekani kujua. Ni lazima kuuliza maana. CAT na CAC zote hutaja histidini, hivyo protini haibadiliki, na watu wengi wazima wa afya wana moja au nyingine. Lakini GAG hutaja asidi glutamiki, na GTG hutaja valini. Valini hiyo hufanya hemoglobini zishikamane oksijeni inapopungua, na chembe nyekundu ya damu hupinda mfano wa mundu. Vernon Ingram aligundua tofauti hiyo katika protini yenyewe mwaka 1956, huko Cambridge, wakati ambapo hapakuwa na njia ya kuzisoma herufi za jeni.

Wanachuo hubabaishwa na hesabu: vitabu vingine husema badiliko liko nafasi ya 6, vingine ya 7. Vyote ni sahihi. Asidi amino ya ATG hukatwa protini inapotengenezwa, na hesabu ya zamani haikuihesabu.

Hata hivyo kusoma nakala moja hakutoshi, kwa kuwa kila mtu ana mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye GTG katika zote mbili huugua selimundu. Mwenye GTG katika moja tu kwa kawaida haugui, tena hupata kinga dhidi ya malaria kali, kama alivyoonyesha Anthony Allison mwaka 1954 kwa uchunguzi uliofanywa Afrika Mashariki. Katika nchi ambazo malaria iliua watoto wengi kwa karne nyingi, herufi hiyo ilidumu kwa sababu ilisaidia. Wazazi wawili wenye nakala moja moja huwa wazima, na kwa kila mtoto wanayemzaa, nafasi ya kupata zote mbili ni moja kati ya nne. Hakuna aliyekosa.

Juma lililofuata mwanachuo yule alirudi na vikadi vya maboksi, akafuta neno "kosa" ubaoni, akaandika "tofauti". Wanafunzi walitia maelezo pambizoni mwa kila kadi. Kuhusu CAC mmoja aliuliza iandikwe maradhi gani. Wenziwe walibishana kitambo, kisha wakaandika: "Hakuna."