Chumvi ya Uvinza na Maji Moto ya Olkaria
Wanachama wa Heru Juu wanaijua chumvi ya Uvinza. Kwa desturi ya zamani, maji ya chemchemi yalichemshwa, yakaisha kwa mvuke, chumvi ikabaki. Kazi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 1,000, nayo imekula kuni nyingi.

Huko Olkaria, Kenya, mvuke wa ardhini huzalisha umeme tangu mwaka 1981. Maji yatokayo pamoja nao yana joto lake yenyewe, nayo hubeba silika na madini mengine yaliyoyeyuka kutoka miambani. Lakini madini hayo ni kidogo katika maji mengi, na silika ikiganda huziba mabomba.

Hivyo, kabla chama hakijatoa fedha za wanachama kwa mradi wa aina hiyo, yampasa Katibu kuuliza: kila lita ina gramu ngapi, na kuzitoa ni shilingi ngapi?