Punda wa gari hufunzwa kwa subira, si kwa bakora

KATIKA vijiji vya Unguja, nje ya Mji Mkongwe, si ajabu kuona gari la punda limesimama katikati ya njia, limejaa mchanga au mawe ya kujengea, na mwenyewe akimcharaza mnyama bakora. Punda hasogei. Wapita njia husema ni mkaidi.

Mara nyingi ameogopa. Farasi akishtuka hukimbia. Punda husimama kwanza atazame kilichomtisha. Akipigwa wakati huo, hujifunza kuwa gari ni maumivu. Kesho atagoma tena.

Tufanye hesabu. Tuseme gari lako hufanya safari nne kwa siku, siku sita kwa wiki. Punda akipata kidonda begani na kupumzishwa wiki mbili, umepoteza safari 48. Mafunzo yanahitaji kama dakika 20 tu kwa siku, kwa wiki kadhaa, na punda anayetunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 25.

Mzoeshe kwanza kushikwa mwili mzima, hata miguu, na kuongozwa kwa kamba. Kisha mvishe mikanda bila gari. Akitulia, avute gogo jepesi ili azoee sauti na uzito nyuma yake, mtu mmoja akiwa kichwani pake. Halafu gari tupu, na mwisho mzigo mdogo. Akiogopa, rudi hatua moja nyuma. Akitii, legeza kamba hapo hapo. Huo ndio ujira wake. Kazi nyepesi ianze akiwa na miaka mitatu, mizigo kamili baada ya minne.

Angalia pia vifaa. Ng'ombe wetu ana nundu inayoegemea nira. Punda hana, hivyo nira humchubua. Yeye huvuta kwa mkanda mpana wa kifuani, usiobana koo, wenye kitambaa laini ndani. Mzigo usawazishwe juu ya ekseli, usimlemee mgongoni.

Kumpata mwingine si rahisi: punda hubeba mimba takriban mwaka mzima, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Biashara ya ngozi ilitishia punda wa Afrika hadi Umoja wa Afrika, Februari 2024, ukaafiki kuzuia uchinjaji wao kwa ajili ya ngozi.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Mwenye punda mchanga aanze kesho asubuhi, na kamba mkononi. Bakora aiache nyumbani.