Biashara ya picha Simiyu: Lenzi ipi hurudisha mtaji?

WAPIGA picha na wafanyabiashara wadogo wa Bariadi wanaotaka kuwekeza katika vifaa vya kamera za dijitali wanapaswa kufanya hesabu kabla ya kufungua pochi. Fedha nyingi katika biashara hii hupotea pale lenzi na vikorombwezo vinaponunuliwa kwa sifa ya dukani bila kuangaliwa kazi iliyopo sokoni.

Soko lenyewe lipo. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, ulikuwa na watu 1,584,157 katika sensa ya mwaka huo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497, ongezeko la zaidi ya theluthi moja katika miaka kumi. Harusi, ubatizo, kipaimara na mahafali vimeongezeka kwa kadiri hiyo, na kila shughuli inataka picha.

Tatizo ni kwamba fedha za soko hilo ni za msimu. Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na mkulima hushika fedha baada ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei. Kuanzia Juni hufuata harusi na mashindano ya ngoma za Wagika na Wagalu. Septemba na Oktoba huwa ni mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne. Mvua zikianza watu hurudi shambani na simu ya mpiga picha hunyamaza.

Kwa maana hiyo, mwekezaji ana kama miezi sita ya kurudisha fedha yake. Lenzi isiyofanya kazi ndani ya miezi hiyo ni mtaji uliolala, na kama ilinunuliwa kwa mkopo, ni deni linaloendelea kudai wakati mapato yamekauka.

Mshindani ni simu

Mwaka 2012, mwaka ule ule ambao Simiyu ilizaliwa, kampuni ya Kodak ya Marekani, iliyotawala biashara ya filamu kwa karibu karne nzima, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Kilichoiangusha ni kamera ya dijitali. Leo kamera hiyo nayo inabanwa na simu ya mkononi.

Mchana, penye mwanga wa kutosha, picha ya simu humtosheleza mteja wa kawaida. Kwa hiyo mpiga picha hawezi kudai malipo kwa kazi ambayo mpwa wa bibi harusi anaifanya bure. Analipwa pale simu inaposhindwa, yaani ukumbini usiku, mbali na jukwaa, na kwenye picha kubwa ya kutundika ukutani. Lenzi au kifaa kisichosaidia katika moja ya mambo hayo matatu hakina sababu ya kununuliwa kwanza.

Namba mbili za kusoma

Kila lenzi ina namba mbili zinazoamua thamani yake. Ya kwanza ni milimita. Namba ndogo, kama 18, huonyesha eneo pana: ukumbi mzima au ukoo mzima kwa pamoja. Namba kubwa, kama 200 au 300, huvuta kilicho mbali. Lenzi yenye namba mbili, kwa mfano 18-55, ni ya zumu, na yenye namba moja, kama 50, haivuti. Mpiga picha ndiye anayesogea kwa miguu.

Ikumbukwe kwamba kamera nyingi za bei ya chini zina sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani. Kwenye kamera hizo lenzi ya milimita 50 huona kama ya milimita 75 kwa Nikon na 80 kwa Canon. Ni nzuri kwa sura ya mtu mmoja au wawili, lakini katika chumba kidogo mpiga picha atagonga ukuta kabla ya kuwaenea watu kumi.

Namba ya pili ni ile ya f, inayoeleza ukubwa wa tundu la kupitisha mwanga. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa namba ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa. Lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera kwa kawaida huishia f/5.6 inapovutwa hadi mwisho. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo.

Faida yake ni ya kibiashara moja kwa moja. Picha iliyohitaji shata kubaki wazi kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde, ambapo mtu anayecheza hutoka na ukungu, inaweza kupigwa kwa karibu sehemu moja ya 300, na mchezaji huyo akatoka ameganda safi. Picha yenye ukungu hainunuliwi. Hata hivyo, tundu likifunguliwa kabisa sehemu inayotoka vizuri huwa nyembamba, hivyo picha ya kundi hupigwa kwa f/5.6 au f/8 na kusaidiwa na flashi.

Hesabu ya kurudisha mtaji

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, wala si bei za soko. Ichukuliwe kwamba kijana wa Somanda mjini Bariadi ana kamera na lenzi yake ya 18-55. Anafikiria lenzi ya 50 f/1.8 kwa Sh 450,000. Akiipata, kila shughuli ya usiku itamwongezea Sh 25,000 baada ya gharama. Anahitaji shughuli 18. Akipata shughuli moja kwa wiki, msimu wa wiki 26 haujaisha na lenzi imekwishajilipa.

Kijana huyo huyo akishawishiwa kununua zumu kubwa ya 70-200 yenye f/2.8 kwa Sh 3,600,000, na nyongeza ikabaki ile ile ya Sh 25,000, atahitaji shughuli 144. Kwa wiki 26 za msimu, hiyo ni zaidi ya misimu mitano. Kabla ya hapo kamera yenyewe huenda imechoka. Mashine za daraja la chini hutengenezwa kwa makadirio ya kupiga picha kama 100,000 hivi.

Kama zumu hiyo inahitajika mara chache, kukodi ni busara zaidi. Kwa kodi ya Sh 40,000 kwa siku, itabidi ikodiwe siku 90 kabla ya kufikia bei ya kununua. Mwenye harusi sita za ukumbi mkubwa kwa mwaka akodi.

Wapo wanaostahili kuvutiwa na lenzi ndefu. Lamadi, wilayani Busega, ipo jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na Meatu na Maswa hupakana na mapori yenye wanyama. Anayefanya kazi na wageni huko atatumia 70-300 mara kwa mara, na kwa kuwa kazi yake ni ya mchana, haimlazimu kulipia f/2.8. Akumbuke tu kwamba upigaji picha wa kibiashara ndani ya hifadhi una vibali na ada zake, na ada hizo ziingizwe kwenye hesabu. Mbio za baiskeli na mashindano ya ngoma nayo hupigwa vizuri kwa lenzi hiyo hiyo.

Lenzi na kamera zioane

Hasara ya haraka kuliko zote ni kununua lenzi isiyofunga. Lenzi ya Canon haikai kwenye Nikon. Hata ndani ya jina moja ipo mipaka: Canon iliyotumia mfungio wa EF tangu mwaka 1987 ilianzisha RF mwaka 2018, na mwaka huo huo Nikon ilileta mfungio wa Z. Lenzi ya EF huingia kwenye kamera ya RF kwa adapta, lakini lenzi ya RF haiingii kabisa kwenye kamera ya zamani ya EF.

Wenye Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zao, pamoja na D3500 na D5600, wawe waangalifu zaidi. Kamera hizo hazina mota ya kuzungusha lenzi. Lenzi ya 50 f/1.8 iliyoandikwa AF pekee itafunga, lakini itabidi kulenga kwa mkono. Inayotakiwa ni AF-S. Tofauti ni herufi moja, na muuzaji asiyeelewa hatoitaja.

Njia salama ni kwenda dukani na kamera yako. Kwa mtumba, mnunuzi aelekeze lenzi kwenye mwanga na kuchungulia ndani. Nyuzi nyuzi zinazofanana na utando wa buibui ni ukungu wa fangasi, na kazi ya kuuondoa huweza kuzidi thamani ya lenzi. Azungushe pete zote, apige picha kadhaa tundu likiwa wazi kabisa, na azikuze kwenye kompyuta kabla ya kutoa fedha. Risiti ya EFD idaiwe. Bila risiti hakuna dhamana wala uthibitisho kwamba mali si ya wizi.

Vikorombwezo vya lazima

Baada ya lenzi, flashi ya nje ndiyo inayofuata. Flashi inayogeuza kichwa humwezesha mpiga picha kuurusha mwanga kwenye dari nyeupe ili urudi ukiwa laini, badala ya kumchoma bibi harusi usoni. Flashi za Kichina kama Godox zimepunguza bei, lakini mnunuzi aulize kama inajipimia mwanga yenyewe, yaani TTL, au ni ya kurekebisha kwa mkono. TT600 ya kampuni hiyo, kwa mfano, ni ya mkono. TT685 ina TTL, na huuzwa kwa toleo la kila aina ya kamera.

Memori kadi zinunuliwe mbili za ukubwa wa kati badala ya moja kubwa. Harusi hairudiwi, na kadi moja ikifa na kila kitu kimekufa. Kadi bandia ni nyingi: juu imeandikwa GB 128, ndani ina chini ya hapo, na picha zinazozidi hupotea kimya kimya. Programu ya bure ya H2testw huijaza kadi na kuisoma ili kubaini ukweli. Kwa video, alama ya V30 au U3 huonyesha kasi isiyopungua megabaiti 30 kwa sekunde.

Betri ya akiba haina mjadala, hasa penye kukatika kwa umeme. Begi lenye zipu imara, kipulizio cha vumbi na kitambaa laini ni vitu vya bei ndogo vinavyolinda vya bei kubwa. Kiangazi cha Bariadi ni cha vumbi. Lenzi ibadilishwe ndani ya gari au chumba, kamera ikiwa imezimwa na kuinamishwa chini. Stendi ya miguu mitatu ni ya lazima kwa video na studio, lakini kwa harusi inaweza kusubiri.

Vya kungoja ni filta za rangi, lenzi za kubandika mbele ya lenzi, na mabegi ya "vifaa 20 kwa bei moja". Humo vitatu tu ndivyo hutumika.

Kwa mwenye duka

Mfanyabiashara anayetaka kuuza vifaa hivi Bariadi au Maswa asianze na lenzi. Lenzi moja hula mtaji wa dazeni za bidhaa ndogo na inaweza kukaa kabatini mwaka mzima. Kinachozunguka ni betri, chaja, memori kadi halisi na filta za kinga.

Hata hapo lazima ajue namba. Betri ya LP-E10 ni ya Canon ndogo kama 1200D na 1300D. LP-E17 ni ya 750D na 800D. LP-E6 ni ya 70D, 80D na 6D. EN-EL14 hutumika kwenye Nikon nyingi za D3000 na D5000. Filta za milimita 49, 52, 55 na 58 huenea lenzi nyingi za kawaida. Aidha, akihesabu kamera zilizopo kwa wapiga picha wa mji wake kabla ya safari ya Kariakoo, hatarudi na mzigo usio na mnunuzi.

Vikundi na mikopo

Kwa asiye na mtaji, mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni njia mojawapo. Kikundi cha wapiga picha watano kinaweza kumiliki kwa pamoja ile zumu ambayo mmoja wao haimudu, na kupeana zamu kwa daftari. Gawanya zile shughuli 144 kwa watu watano, kila mmoja anabaki na zisizozidi 29, ambazo ni kama msimu mmoja.

Kwa ufupi, utaratibu unaolinda mtaji ni huu: lenzi moja yenye tundu kubwa, flashi inayogeuka, kadi mbili na betri mbili. Vingine vikodiwe hadi daftari la mapato lionyeshe kwamba kodi iliyolipwa inakaribia bei ya kununua. Ununuzi ufanyike kabla ya Mei, soko la pamba halijafunguliwa. Anayenunua Oktoba ananunua kazi ya mwaka kesho kwa fedha ya mwaka huu.